Mikono Inayosoma Kifundo

Waraka wa kale wa tiba uliopewa jina la Edwin Smith, Mmarekani aliyeununua Luxor mwaka 1862, unamchunguza majeruhi kuanzia utosini kwenda chini. Fuvu kwanza, kisha pua, taya, shingo, mtulinga, mkono, kifua. Kisa cha 48 kimefika kwenye uti wa mgongo, na hapo mwandishi akaweka kalamu chini katikati ya sentensi. Nyonga, goti na kifundo cha mguu havikupata zamu. Anayetaka kujua tabibu wa Misri ya miaka 3,600 hivi iliyopita alikitazamaje kifundo kilichovimba hatalipata jibu humo.

Atakachokipata ni namna ya kufikiri. Kila kisa kinapita njia ileile: jeraha linatajwa, tabibu anaelekezwa atazame nini na aguse wapi, mgonjwa anaamriwa ageuze shingo au aangalie mabega yake, ndipo hukumu inatolewa. Hukumu ni tatu tu. Haya nitayatibu. Haya nitapambana nayo. Haya hayatibiki. Na waraka huohuo, unapoeleza kuteguka, unasema ni kuachana kwa mifupa miwili huku kila mmoja ukiwa bado mahali pake. Mfupa ukihama mahali pake, hilo ni jambo jingine. Sidhani kama yupo daktari wa leo atakayegombana na tofauti hiyo.

Wanaolinganisha mila za tiba hupenda kuuliza nani alijua zaidi: Mgiriki au Mhindi, hospitali au mkandaji wa mtaani. Kwa kifundo cha mguu swali hilo halina faida kubwa. Vidole vya binadamu vilikuwa vilevile Kos, Varanasi, Córdoba na Unguja, na nundu mbili za kifundo hazijahama. Katika kusoma dalili kwa mkono na jicho, mila hizi zinafanana kuliko wafuasi wake wanavyopenda kukiri. Zinapoachana ni kwenye ile hukumu ya tatu, yaani nafasi ambayo kila mila imempa tabibu wake ya kusema: hili si langu.

Kifundo chenyewe ni kiungo chenye hila. Mifupa miwili ya mguu, muundi na ule mwembamba wa upande wa nje, huungana chini na kutengeneza panda inayoubana mfupa wa juu wa wayo. Nundu ya nje imeshuka chini zaidi kuliko ya ndani, hivyo wayo ukiteleza huelekea kulalia ndani, unyayo ukautazama mguu wa pili. Upande wa nje umeshikwa na kano tatu, na ile ya mbele ndiyo dhaifu kuliko zote. Hiyo hutangulia kuchanika. Upande wa ndani una kano nene, ngumu kiasi kwamba mara nyingine hung'oa kipande cha mfupa kabla yenyewe haijakatika.

Sasa chukua tukio moja la kila siku, mchezaji ametua vibaya juu ya mguu wa mwenzake, au mama amekosa ngazi ya mwisho akiwa na ndoo ya maji. Wayo umekunjika kwa ndani. Kilichotokea kinaweza kuwa kano kuvutika tu, au kuchanika nusu, au kukatika kabisa. Kinaweza kuwa ncha ya mfupa wa nje kuvunjika, au mfupa wa wayo unaoelekea kidole kidogo kupasuka penye kitako chake, au mifupa miwili ya mguu kuachana pale ilipofungwa pamoja juu ya kiungo. Matukio yote hayo yana uvimbe, yote yana maumivu, na mengi yanaanza na mlio ambao mgonjwa anaapa kuwa aliusikia. Uvimbe peke yake haumwambii mtu mengi: kano iliyochanika inaweza kuvimba kuliko mfupa wenye ufa. Ndiyo maana majirani watatu wakikusanyika juu ya mguu mmoja hutoa majibu matatu, na kila mmoja ana mfano wa binamu yake.

Wagiriki walilianza tatizo hili mahali pazuri. Katika kitabu cha viungo kilichomo kwenye mkusanyo wa Hippocrates, kwenye habari za bega, mwandishi anamwonya tabibu asikilinganishe kiungo cha mgonjwa na cha mtu mwingine, maana watu hawakuumbwa sawa na wapo ambao viungo vyao vimechomoza kwa asili. Alinganishe na kiungo kizima cha mgonjwa huyohuyo. Onyo hilo lina zaidi ya miaka 2,300 na bado linavunjwa kila siku katika vyumba vya huduma ya kwanza, ambako mguu mmoja huvuliwa kiatu na wa pili unabaki na soksi.

Kwa msomaji wa kwetu onyo hilo lina uzito wa ziada. Vitabu vingi vya tiba vinavyofundishiwa vimeandikwa na watu waliokuwa wakitazama ngozi nyeupe, vikaitaja damu iliyovilia kuwa ni ya buluu au zambarau. Kwenye ngozi nyeusi rangi hizo hazijitokezi hivyo. Kinachoonekana ni weusi uliokolea kuliko wa jirani yake, ngozi iliyovutika ikang'aa, mikunjo iliyopotea. Yale mabonde mawili yaliyo nyuma ya nundu, kati yake na ule ukano mnene wa kisigino, yanajaa. Damu nayo hushuka kwa uzito wake, kwa hiyo baada ya siku moja au mbili ni vyema kutazama chini ya nundu na kwenye ukingo wa wayo, pale ngozi inapoanza kuwa nyepesi. Huko huonekana mapema kuliko juu. Yote hayo hayasomeki bila mguu wa pili kuwekwa kando yake.

Hippocrates huyohuyo ana ukurasa mwingine kuhusu kifundo, mgumu zaidi kuusoma. Kiungo kikichomoka kikatoboa ngozi, mifupa ikawa nje, mwandishi anashauri kisirudishwe. Anayetaka kukirudisha na akirudishe, anasema kwa maana hiyo, lakini ajue kwamba mgonjwa ambaye mifupa yake imerudishwa na kubaki ndani atakufa, na wachache watavuka siku ya saba. Msomaji wa leo anashtuka. Lakini katika dunia isiyojua vijidudu wala dawa ya kuviua, kuufungia uchafu ndani ya kiungo ilikuwa ni kumzika mtu taratibu, na mwandishi alikuwa ameona ya kutosha. Hiyo ndiyo hukumu ya tatu ya Misri, safari hii imefika miguuni. Ilikuwa hukumu ya mtu aliyehesabu wafu wake.

Sushruta wa India ana mpangilio mwingine. Kitabu kinachobeba jina lake kinagawa majeraha haya makundi mawili: viungo vilivyoachana, aina sita, na mifupa iliyovunjika, aina 12. Mgawanyo wa sita na 12 ni wa mtu anayefundisha wanafunzi wakariri, na sehemu yake nimeiona ngumu kuitumia penye mguu halisi. Lakini orodha ya dalili ni ya mtu aliyekaa kando ya kitanda. Uvimbe mkubwa, kutovumilia kuguswa, mlio wa kusagana ukibonyeza, kulegea kwa kiungo, na dalili moja ambayo sikuikuta popote kwingine ikisemwa wazi kiasi hicho: mgonjwa hapati nafuu kwa mkao wowote. Anajilaza, anaumia, anakaa, anaumia, anainua mguu, anaumia. Yeyote aliyewahi kumuuguza mtu aliyevunjika anaijua hali hiyo ya kugeuka usiku kucha. Aliyeteguka kwa kawaida hupata mkao mmoja anaoweza kuupumzikia.

Kitabu hicho pia kinakihesabu kifundo kati ya mahali nyeti 107 pa mwili. Kila mahali pamepewa matokeo yake: pengine kifo cha papo kwa papo, pengine ulemavu. Kifundo kimewekwa kundi la mahali panapoleta maumivu, pamoja na kifundo cha mkono, na kuumizwa kwake kunasemwa kwamba huacha ukakamavu wa wayo au kuchechemea. Hapa Mhindi amesema jambo ambalo Mgiriki hakulisisitiza, kwamba kifundo hakikuui ila kinakubakia. Watu wengi waliokatika kano na kuambiwa "umeteguka tu" wamebaki na mguu unaowageuka kwenye ardhi isiyo sawa miaka mingi baadaye.

Waarabu na Waajemi nitawapita haraka, si kwa kuwadharau. Juzuu ya 30 ya kitabu kikubwa cha al-Zahrawi wa Córdoba, aliyekufa mwanzoni mwa karne ya 11, ina sehemu nzima ya mifupa na viungo, na katika Qanuni ya Ibn Sina mambo hayo yamo kwenye kitabu cha nne. Wote wawili walipokea mengi kutoka kwa Wagiriki na wakayapanga upya kwa mkono wa mtu anayefanya kazi. Kwa ulinganisho wetu jambo la maana ni kwamba kupitia kwao mila ya kuunga mifupa ilibaki kuwa elimu ya kitabu. Pwani yetu elimu hiyo imerithiwa zaidi kwa mkono, baba kwa mwana, bibi kwa mjukuu.

Uchina nao wana kitabu cha serikali cha mwaka 1742, kilichotungwa kwa amri ya mfalme wa enzi ya Qing, kinachotaja mbinu nane za mkono kwa waunga mifupa. Ya kwanza kati ya nane ni kupapasa ili kujua. Kuunga, kuinua, kubonyeza na kusukuma vinafuata baadaye. Ukiwa umewahi kuuona mguu ukivutwa kabla haujaguswa kwa utulivu, utaelewa kwa nini mtunzi alitaka mpangilio huo uwe wa lazima.

Na mkandaji wetu? Tumtazame bila kumtukuza na bila kumcheka. Ana mafuta ya nazi au ya karafuu, maji ya moto yenye chumvi, kitambaa, na wapo wanaoapa kwa mafuta ya simba yanayouzwa sokoni. Ana vidole vilivyopita juu ya miguu mingi. Mzuri kati yao husikia joto kabla hajaona uvimbe, hujua kiungo kilichojaa maji kwa jinsi kinavyorudisha ukikibonyeza, hutambua mfupa unaokwaruzana. Kati ya wafugaji, ambako mtu amechinja na kutenganisha viungo vya mbuzi na ng'ombe tangu utotoni, ujuzi wa maungio ni wa ndani zaidi. Kiungo cha mnyama kimefunguliwa mbele ya macho yake mara nyingi kuliko mwanafunzi wa udaktari alivyokiona cha binadamu. Katika kusoma, mkandaji huyo hana cha kumwonea aibu Sushruta.

Tatizo ni kwamba kusoma kwake na kutibu kwake vimefungwa pamoja. Anapapasa kwa mkono uleule uliokwisha pakwa mafuta, na kabla jibu halijapatikana kukanda kumeanza. Kukanda kifundo ndani ya saa za kwanza, tena kwa maji ya moto, huongeza damu inayovuja kwenye kano zilizochanika, na kama kuna ufa kwenye mfupa, kuvuta kunaweza kuuhamisha. Siku ya kwanza kinachosaidia ni barafu iliyofungwa kitambaani, bandeji isiyobana sana, mguu kuinuliwa juu ya mto na mtu kutulia. Kukanda kwa upole kuna siku zake, uvimbe ukishapungua. Kinachogombewa, kwa maoni yangu, ni kalenda zaidi ya elimu.

Uingereza iliupitia ugomvi huu karne ya 19, na kumbukumbu zake zinachangamsha. Mwaka 1867 James Paget, mmoja wa madaktari walioheshimiwa sana London, alitoa mhadhara kuhusu wagonjwa wanaoponywa na waunga mifupa wa mitaani. Aliwaambia wanafunzi wake ukweli uliowakera: kwamba watu hao hukosea sana na wakati mwingine hudhuru, lakini wapo wagonjwa wanaotoka kwa madaktari bila nafuu wakapona kwao, hasa wenye viungo vilivyokakamaa kwa kufungwa muda mrefu. Akawataka wajifunze kilicho chema humo na kuacha kilicho kibaya. Wakati huohuo Liverpool alikuwepo Hugh Owen Thomas, mtoto wa ukoo wa waunga mifupa wa kisiwa cha Anglesey, ambaye alisomea udaktari na kuileta kazi ya ukoo ndani ya taaluma. Mpwa wa mkewe, Robert Jones, akawa miongoni mwa waasisi wa upasuaji wa mifupa wa Uingereza.

Jones anatuhusu kwa sababu ya mguu wake mwenyewe. Alikuwa akicheza dansi akaumia upande wa nje wa wayo. Wengi wangesema kifundo kimeteguka. Lakini Jones alifahamu maumivu yanakaa wapi hasa, picha ya eksirei ikapigwa, teknolojia ambayo Röntgen alikuwa ameigundua mwaka 1895 tu, na ikaonekana mfupa unaoelekea kidole kidogo umevunjika karibu na kitako. Alichapisha habari hiyo mwaka 1902, pamoja na wagonjwa wengine wa namna hiyo. Mrithi wa kazi ya waunga mifupa ndiye aliyetufundisha kwamba mguu ukikunjika ndani, kidole gumba kisiishie kwenye nundu. Kishuke hadi katikati ya ukingo wa nje wa wayo, pale penye kimfupa kinachochomoza.

Hospitali ya leo imerudi kwenye kidole gumba hicho. Mwaka 1992 Ian Stiell na wenzake wa Ottawa, Kanada, walichapisha kanuni za kuamua nani mwenye kifundo kilichoumia apigwe picha. Ukizisoma kanuni hizo baada ya Hippocrates na Sushruta unashangaa jinsi zilivyo za kizamani. Bonyeza ukingo wa nyuma na ncha ya nundu ya nje, sentimita sita za mwisho za mfupa. Fanya vivyo hivyo kwa nundu ya ndani. Bonyeza kitako cha mfupa wa kidole kidogo, kile cha Jones, kisha kimfupa kilicho juu ya upinde wa ndani wa wayo. Mwulize kama aliweza kukanyaga palepale alipoumia, na mwambie sasa atembee hatua nne mbele yako. Kuchechemea kunahesabika kuwa ni kutembea. Kama pana maumivu juu ya mfupa kwenye mahali hapo, au hatua nne zimemshinda pale alipoumia na zinamshinda tena sasa, apigwe picha. Kama hakuna hata kimoja, hana haja.

Angalia wanabonyeza ukingo wa nyuma. Kano ya mbele, ile inayochanika kwa urahisi, imeshikana na ukingo wa mbele wa nundu. Ukibonyeza hapo kila aliyeteguka ataruka, na hujajua kitu. Nyuma kuna mfupa mtupu. Akiruka ukibonyeza huko, ni mfupa unaolalamika. Uteuzi huo mdogo wa mahali una thamani kuliko nusu ya mafuta yaliyomo sokoni.

Mapitio ya tafiti 27 yaliyochapishwa mwaka 2003, yenye wagonjwa zaidi ya 15,000, yaliona kwamba kati ya walioambiwa na kanuni hizi kwamba hawana haja ya picha, chini ya asilimia 2 ndio waliokutwa wamevunjika, na kwamba picha zinaweza kupungua kwa asilimia 30 hadi 40. Kanuni hizo zinavunja pia imani moja iliyoenea kwetu na kwao: kwamba ukiweza kukanyaga hujavunjika. Mtu anaweza kutembea kwa mfupa mwembamba wa nje uliovunjika, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito inabebwa na muundi. Ndiyo maana kutembea peke yake hakukuachiwa kutoa hukumu, kukawekewa kidole gumba kando yake.

Lakini kanuni za Ottawa zina ufinyu wake. Zinauliza swali moja tu, kama mfupa umevunjika, na zikijibiwa "hapana" mgonjwa hupewa bandeji na kurudishwa nyumbani na kano zake zilizokatika. Hapa Mgiriki ana la kusema. Katika kitabu cha mifupa iliyovunjika, bandeji hufunguliwa na kufungwa upya kila baada ya siku mbili, na ni kufikia siku ya saba, uvimbe ukishashuka, ndipo vibao vya kukaza huwekwa. Muda ulikuwa sehemu ya uchunguzi. Mwaka 1996 madaktari wa Amsterdam walilithibitisha hilo kwa vipimo vya kisasa: kano iliyokatika ni vigumu kuitambua siku ya kwanza, mgonjwa amekaza misuli na kila kitu kinauma, lakini siku ya tano hivi, ukikivuta kisigino mbele taratibu huku muundi umeshikiliwa, mkono unaitambua kwa usahihi mkubwa sana. Mguu mzima unasimama. Uliokatika kano unakuja mbele. Daktari aliyemwona mgonjwa mara moja tu, hata akiwa na mashine ya mamilioni, ameona chini ya aliyemwona mara mbili.

Kuna dalili ambazo mila karibu zote zilikosa, au zilizitaja pembeni. Kukatika kwa ukano mnene wa kisigino ni mojawapo: mgonjwa anageuka nyuma kutafuta nani amempiga teke, hakuna mtu. Anaweza kutembea kidogo, kwa kuwa misuli mingine inasaidia, na nundu zake haziumi. Mlaze kifudifudi, miguu ikining'inia nje ya kitanda, ubinye msuli wa shavu la mguu. Wayo mzima hujisogeza; wenye ukano uliokatika hukaa kimya. Nyingine ni ile aliyoieleza mpasuaji Mfaransa Maisonneuve mwaka 1840: kifundo kimepinda, lakini mfupa mwembamba umevunjika juu, karibu na goti, ambako hakuna aliyefikiria kugusa. Kwa hiyo kidole gumba kinachoanza kifundoni kipande mguu wote hadi chini ya goti.

Iliyo ya hatari zaidi kwa nyakati zetu ni ile isiyouma. Mgonjwa wa kisukari wa muda mrefu aliyepoteza hisia miguuni anaweza kuja na kifundo au wayo uliovimba, wenye joto kuliko mwenzake, akitembea nao bila tabu, na mifupa ndani inasagika. Mabadiliko ya namna hiyo yalielezwa na daktari Mfaransa Charcot mwaka 1868, kwa wagonjwa wa maradhi mengine ya neva. Hapo kanuni za Ottawa hazina kazi, kwa sababu zote zinategemea mtu kusema "aa!" Zinaishiwa nguvu vilevile kwa mlevi na kwa aliyeumia mahali pengi, na watoto wanahitaji uangalifu wao, maana ncha ya mfupa wao ina sehemu laini inayokua ambayo hupasuka kabla kano haijachanika. Kwa mwenye kisukari, joto la ngozi linalopimwa kwa mgongo wa kiganja, mguu huu kisha ule, lina maana kuliko maumivu. Mkandaji mwenye mikono mizuri analijua joto hilo kuliko karani anayejaza fomu, na ndiye huyo huyo anayeweza kuumaliza wayo mzima kwa maji ya moto asiyoyasikia mgonjwa.

Turudi kwenye kusema "hili si langu". Japani wana waunga mifupa waliotokana na mila ya judo, wana leseni na shule zao, na sheria ya mwaka 1970 inawaruhusu kutoa huduma ya kwanza kwa mfupa uliovunjika au kiungo kilichochomoka, lakini baada ya hapo hawawezi kuendelea bila idhini ya daktari. Nigeria, ambako waunga mifupa wana wateja wengi hadi leo, inasimuliwa desturi ya kuvunja mguu wa kuku na kuutibu sambamba na wa mgonjwa. Kuku akitembea, mgonjwa hufunguliwa. Ni saa ya ajabu, lakini ni saa, na wanaoicheka wasisahau kwamba hospitali nyingi haziwaiti tena wagonjwa wao waliokwisha kufungwa plasta. Kinachotisha huko, na Ethiopia, na kwetu pia, ni vibao vya mianzi vilivyokazwa juu ya mguu unaoendelea kuvimba. Dalili zake zinasomeka: maumivu yanayozidi baada ya kufungwa badala ya kupungua, vidole vya mguu vyenye ubaridi, ganzi, kushindwa kuvikunja. Anayeona hayo akasubiri kesho atapoteza mguu. Mwaka 2005 iliripotiwa kutoka Ethiopia kwamba baada ya mafunzo ya siku moja kwa waunga mifupa wa eneo moja, idadi ya miguu iliyooza kwa kukazwa ilishuka sana. Siku moja. Hawakufundishwa kuacha kazi; walifundishwa dalili za kufungua kamba na za kumpeleka mtu hospitali.

Kanuni za Ottawa zilizaliwa penye wingi. Kanada walikuwa wanapiga picha nyingi mno, nyingi zikirudi safi, wakatafuta namna ya kuzipunguza. Kijijini ambako mashine ya eksirei iko safari ya nusu siku kwa gari, na mkandaji yuko nyumba ya tatu na hulipwa mtu akipona, kanuni hizohizo zinafanya kazi ya kinyume. Haziulizi tena nani asipigwe picha. Zinauliza nauli iliyopo, ambayo ni moja, itumike kwa nani. Mkandaji anayejua mahali pa kubonyeza, hatua nne, kupima vidole kama vina ubaridi na kugusa joto la miguu yote miwili ndiye mtu pekee hapo anayeweza kujibu kabla ya jua kuzama: huyu apande gari leo, huyu aweke barafu na kuinua mguu, arudi siku ya tano nimwone tena.